Wapangaji Kumi

Mashine ya mbolea ya Nyulumbi ilianza kuzembea msimu uleule watu walipoanza kulalamika vichwa vinawauma, na hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Kijiji chetu kipo juu kabisa huko Makete, mahali ambapo mwezi wa Juni umande unaganda kwenye majani ya viazi na ng'ombe anatoa moshi puani kama pikipiki mbovu. Kuumwa kichwa tunakuhesabu kuwa ni hali ya hewa. Nesi aligawa dawa za maumivu, watu wakanyamaza.

Mashine ndiyo haikunyamaza. Kila asubuhi mshale wa geji ya mavuno, inayopima mbolea inayotoka, ulikuwa umeshuka kidogo kuliko jana yake, na kila asubuhi Injinia Salha aliniita tuutazame pamoja, kana kwamba ukitazamwa na watu wawili utaona haya na kupanda.

"Osi," aliniuliza, "umeigusa?"

Nilimwambia sijaigusa. Akauliza kama nimeisemesha. Nikakubali kwamba nimeisemesha, lakini kwa heshima.

Injinia Salha alikuwa mtu wa Tanga, anavaa makoti mawili juu ya sweta, na kwa utani wake sisi Wakinga tungeshaiwekea hewa bei kama tungejua pa kuifungia. Nilikuwa namjibu kwamba tumeshajua, ndiyo maana tumemwajiri yeye. Mimi ndiye msaidizi wake: Osmund Sanga, kidato cha sita, Kemia nzuri, Hesabu za kuombea, mdomo wa ziada.

Kazi ya mashine ni rahisi kuisema. Inavuta hewa, inaipitisha kwenye chekeche linaloruhusu naitrojeni peke yake, kisha inailegeza ile naitrojeni juu ya sahani ya chuma mpaka atomu zake mbili ziachane. Haidrojeni iliyotolewa kwenye maji inazidaka kabla hazijarudiana. Hapo tunapata amonia, amonia inakuwa mbolea, mbolea inaenda kwenye viazi. Shughuli hiyo inatoa joto jingi, nasi hatulitupi. Hewa ya moto inasukumwa kwa mistari miwili ya mabomba, wa Juu na wa Bondeni, mpaka kila nyumba, inapasha vyumba, halafu inarudi kwenye mashine ikiwa bado vuguvugu, ili mashine isihangaike kupasha hewa ya nje yenye barafu. Kijiji na mashine vinapumulia pua moja.

Ndiyo sababu kulikuwa na sheria. Nyumba iliyounganishwa haiwashi moto ndani. Kupika ni kwa umeme. Ikikutwa na moto, koki yake inafungwa mpaka baridi iishe. Sheria hiyo ilipitishwa na mkutano wa kijiji kwa kunyoosha mikono, na mkono uliokwenda juu kuliko yote ulikuwa wa mama yangu. Aliunyoosha kwa sababu ya Mzee Mahenge, mgane wa Mstari wa Juu, ambaye moshi wa mahindi yake ya kuchoma ulikuwa unateremka moja kwa moja kwenye nguo za mama alizoanika. Mama hakuwa na ugomvi na moto. Alikuwa na ugomvi na Mzee Mahenge.

Na kila nyumba ilikuwa na kengele ya hewa, iliyotengenezwa na watu walewale wa chekeche. Hewa ikiingiwa na kitu kigeni, inalia. Tangu mashine isimikwe, hakuna kengele iliyolia kijijini. Kwa hiyo hakuna moto. Ndivyo tulivyokuwa tunasema, kwa kujiamini kabisa.

*

Siku hiyo Salha aliamua kuifungua. Tulitoa sahani, tukaimulika. Haikuwa na kutu, haikuwa na ufa. Ilikuwa inang'aa kama sinia la harusi.

Alisema sahani ni nzima ila imejaa. Kuna kitu kimekaa kwenye viti vya naitrojeni na hakitaki kuinuka. Nikamuuliza kitu hicho kilipitaje kwenye chekeche. Akasema hakiwezi kupita, chekeche linapitisha naitrojeni tu. Nikamuuliza chekeche linaijuaje naitrojeni.

"Linahesabu," alisema. "Linahesabu elektroni za nje, na linapima kifungo kina nguvu ya namna gani."

Hapo nikatoa chakula changu cha mchana, ambacho kilikuwa viazi vya kuchemsha, na chaki. Salha akadhani naenda kula. Nilimwambia nataka kurudia shule kidogo, akivumilia atapata kiazi.

Nilichora sakafuni. Mwalimu wetu alikuwa akisema obita za molekuli. Mimi nilikuwa nazielewa kama vyumba vya kupanga. Atomu ikiwa peke yake ina vyumba vyake. Zikisogeleana mbili, vyumba vyao vinaungana, na kila viwili vinavyoungana vinazaa viwili vipya: kimoja cha chini, kimoja cha juu. Elektroni anayepanga cha chini anakaa katikati ya atomu zote mbili, akizivuta kwake huku na huku kama gundi. Huyo ni mpatanishi. Anayepanga cha juu anakaa kwa nje, migongoni mwao, katikati amepaacha patupu, na kazi yake ni kuzitenganisha. Huyo ni mgombanishi. Chumba kimoja hakichukui zaidi ya wapangaji wawili, na wanaanza kujaza chini kabla ya kupanda, maana chini kodi ni nafuu.

"Kodi," Salha alisema.

"Nishati," nilijirekebisha.

Ukitaka kujua kifungo kina nguvu gani, unachukua wapatanishi, unatoa wagombanishi, unagawa kwa mbili. Heliamu mbili zikikutana zinapata wapatanishi wawili na wagombanishi wawili. Jibu ni sifuri: uchumba umevunjika kabla hata ya kupeleka barua. Naitrojeni ina wapangaji kumi wa nje. Niliweka viazi kumi, nikianzia chini: viwili vya upatanishi, viwili vya ugomvi, kisha sita vyote upatanishi. Nane kutoa mbili, gawa kwa mbili, unapata tatu. Kifungo cha kamba tatu, miongoni mwa vigumu kabisa duniani, ndiyo maana mbolea ilikuwa ghali miaka yote ile wakati hewa imejaa naitrojeni bure.

Oksijeni ni jirani yake tu kwenye jedwali, lakini ina wapangaji kumi na wawili. Niliongeza viazi viwili. Vyumba vya upatanishi vimeshajaa, hawana budi kupanda kwa wagombanishi. Nane kutoa nne, gawa kwa mbili, ni mbili. Watu wameongezeka nyumbani na undugu umepungua.

"Na sahani yetu inafanya ujanja huohuo," Salha alisema, sasa amechuchumaa, makoti yote mawili yanafagia chaki. "Inampa naitrojeni elektroni za chuma, anazipeleka juu kwa wagombanishi kwa sababu chini hakuna nafasi. Kila wawili wakipanda, kamba moja imekatika."

"Haya, ndugu mteja," nilisema, "nani mwingine ana wapangaji kumi?"

Nilikuwa natania. Ila Salha hakucheka. Aliviweka kando viazi viwili vya oksijeni, akavitoa vile kumi vya naitrojeni, akavirudisha tena kwa mafungu: vinne, halafu sita.

"Kaboni ana wanne," alisema. "Oksijeni peke yake ana sita."

Akavipanga vyumbani. Vilikaa vilevile. Viwili, viwili, sita. Nane kutoa mbili, gawa kwa mbili, tatu.

Kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wapangaji kumi, kamba tatu, na kifungo kigumu kupita hata cha naitrojeni yenyewe. Chekeche linamhesabu, linamwona naitrojeni, linampisha. Akifika kwenye sahani anakaa kwenye kiti kwa sababu anakipenda chuma kuliko naitrojeni anavyokipenda, na hainuki. Kengele za majumbani zinahesabu kwa namna ileile, nazo zinamwona naitrojeni. Hakuna iliyolia kwa sababu hakuna iliyojua kwamba kuna mtu wa kulilia.

Salha alisimama akajikung'uta chaki.

"Kuna mtu anawasha mkaa ndani," alisema.

Kiazi chake hakukila.

*

Utafutaji ulikuwa hivi. Salha alichomeka kipande kipya cha sahani, ukubwa wa ukucha, akikipasha moto ili mgeni asing'ang'anie, mbele ya bomba linalorudisha hewa. Kipande kikifanya kazi vizuri hewa ni safi, kikilegea mna mgeni. Yeye abaki na geji, mimi nizunguke na redio koli nikifunga koki kwa muda mfupi, tuone mshale unasemaje.

Nilianza na Mstari wa Bondeni, kwa sababu ni mteremko. Nilifunga koki kuu ya mstari mzima.

"Umepanda," Salha alisema redioni. "Haujafika juu, lakini umepanda. Fungua, ingia nyumba moja moja."

Nilifunga kwa akina Chaula, kimya. Nikafungua, nikafunga nyumba iliyofuata, kimya. Watoto walikuwa wananifuata wakiuliza kama natoa maji. Nikafika koki iliyo nyuma ya jiko letu, ile niliyoipaka rangi ya bluu mwenyewe, nikaizungusha bila kufikiri.

"Hapo," alisema Salha. "Umepanda kama ulivyopanda kwa mstari mzima. Hapo ni wapi?"

Niliitazama ile koki. Ndani ya nyumba hiyo alikuwemo mama, na dada yangu Tusekile aliyejifungua wiki chache nyuma, na mpwa wangu ambaye hata jina alikuwa hajapewa. Shemeji alikuwa kazini Mbeya, nami tangu mashine izembee nilikuwa nalala kituoni.

Sheria haikuwa na mahali palipoandikwa "isipokuwa mzazi". Koki inafungwa mpaka baridi iishe, na baridi ya Nyulumbi haimwogopi mtoto mchanga. Kwa upande mwingine, mashine ikifa tungekula nini mwakani, kijiji kizima?

Nikatafuta njia ya kukwepa. Nilibonyeza redio nikamuuliza Salha, kama swali la darasani tu, je, hatuwezi kuiongezea mashine nguvu mara moja, tukaivunja hiyo kaboni monoksidi humohumo kwenye mabomba, bila kusumbua mtu?

Nadhani alishaelewa koki ni ya nani.

"Haiwezekani, mdogo wangu," alisema. "Kabla hujakata kamba tatu utakuwa umeshakata zenye mbili. Oksijeni yote ya kwenye mabomba itavunjika kwanza, itashikana na naitrojeni, utawapelekea watu gesi inayochoma mapafu. Viazi si ulivipanga wewe?"

Nikasema ndiyo, nilivipanga.

"Na Osi. Sahani ni chuma. Kinachobeba oksijeni kwenye damu nacho ni chuma. Huyo mgeni anakaa vilevile. Sahani ndiyo imetangulia kuugua. Na hiyo koki, kama bado umeifunga, ifungue. Umewawekea kifuniko."

Niliifungua kwa mikono miwili, kisha nikazunguka mbele mbio.

*

Mama alikuwa sebuleni anakuna kichwa kwa kitana, macho mekundu, akaniuliza mbona nahema kama nimeiba. Nilipita moja kwa moja chumbani.

Jiko lilikuwa kando ya kitanda, mkaa umekolea vizuri, mwekundu, hauna hata moshi. Tundu la kuingizia hewa safi, lile ambalo kila nyumba inatakiwa kuliacha wazi, lilikuwa limesokomezwa khanga. Dada alikuwa amelala chali. Mtoto pembeni, ametulia mno.

Nilimwambia dada mtoto amefanana na Ilomo, mwenyekiti wa kijiji.

Dada yangu tangu nimfahamu hajawahi kuacha utani upite bila kunirushia kitu. Nilisubiri ndala. Hakurusha. Alifungua macho, akayafunga.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niling'oa khanga, nikasukuma dirisha mpaka mwisho, nikabeba jiko kwa mkono wa shati nikalitoa nje. Niliporudi mama alikuwa amesimama kati ya dirisha na kitanda, ametanua mikono.

"Unataka kumwua mzazi kwa baridi?"

"Mama, baridi inatibika. Shika mtoto, tutoke."

Alibishana huku anashika mtoto. Alisema joto la bomba ni la vifaranga, mzazi anatakiwa joto la mkaa, yeye mwenyewe alilelewa hivyo na sisi sote tulilelewa hivyo na hatukufa. Nilimwambia nyumba ile ilikuwa ya nyasi, inavuja hewa kama kapu, na hii ina madirisha ya vioo vya tabaka mbili na khanga kwenye tundu. Akasema kengele haikulia. Nikasema kengele haimjui. Dada nilimbeba mgongoni, blanketi zikiburuzika, nikamkalisha barazani.

Nesi alifika na mtungi wa oksijeni kwa sababu Salha alikuwa ameshampigia. Akamvalisha dada barakoa, akampulizia mtoto oksijeni kidogo mbele ya pua, na sote tukakaa tunatazama kifua cha mtu mdogo kuliko mkate. Akapiga chafya. Kisha akalia, kilio cha hasira, kirefu, cha mtu aliyeamshwa bila kuombwa radhi. Mama akageukia ukutani.

Baadaye kidogo dada alisogeza barakoa.

"Nani amefanana na Mwenyekiti?" alisema, akaokota ndala ya nesi.

Sijawahi kufurahia ndala namna ile.

*

Kwa upande wangu ingeishia pale. Lakini redio ikaita. Salha alisema mshale umepanda mpaka pale ulipofika nilipofunga Bondeni, na umesimama hapohapo. Kuna moto mwingine, lazima uko Mstari wa Juu, na huenda si mmoja. Kufunga koki tena hataki, maana nyumba iliyozibwa matambara ukiifungia na bomba inakuwa chungu chenye kifuniko.

Nilitazama mteremko. Ukungu ulikuwa umeshuka, milango yote imefungwa. Nikaona kitu ambacho ningekiona zamani kama ningekuwa na akili ya darasani hata nje ya darasa. Mama aliwasha mkaa kwa ajili ya mzazi. Hewa yetu ikaidhoofisha sahani. Sahani ikapunguza joto. Nyumba za watu zikapoa, nao wakawasha mkaa, sahani ikadhoofika zaidi. Kila nyumba ikidhani ni yenyewe peke yake inayoiba.

Nesi alipendekeza tugonge mlango kwa mlango. Nilimuuliza yeye akigongewa na mtu wa mashine, na adhabu ni kufungiwa joto, atasema ana moto? Alifikiri, kisha akasema angelisukumia jiko uvunguni kwanza. Na akifunika jiko uvunguni, moshi usioonekana ungezidi.

Wangetoka wenyewe, na wangetoka haraka, kama tu wangesikia mtu mwingine ameshajitaja. Spika ya kijiji ipo ofisini, inasikika mpaka shule. Nikisema kwenye spika kwamba moto umekutwa kwetu, hakuna wa kuufuta ushahidi huo tena. Nilimuuliza Salha kama anaweza kuniahidi kwamba hawatatufungia koki. Alisema hawezi, sheria ni ya mkutano, ufunguo wa kufuli za koki ni wa Mwenyekiti. Hakunidanganya, nikamshukuru kwa hilo na nikamchukia kidogo pia.

Mama alikuwa anasikia yote.

"Ukitutaja, huyu atalala wapi?" aliuliza. Alikuwa amemfunika mtoto mpaka pua tu ndiyo inaonekana.

Nilimwambia sijui. Nilimwambia ninachojua ni kwamba nikinyamaza huyu atalala salama leo, na huko juu kuna mtu wa kwao ambaye hatasikia utani. Sikuwa na maneno mazuri zaidi, na mimi ni mtu ambaye maneno hayajawahi kunipungukia.

Alimkabidhi nesi mtoto, akajifunga shuka la pili mabegani, akatangulia njia.

Ofisini niliwasha spika. Nilijitambulisha, nikasema natoka kituo cha mashine, kuna hewa ya sumu kwenye mabomba na inatoka kwenye mkaa, na nyumba ya kwanza kukutwa nayo... Nikakwama. Mama akaninyang'anya maikrofoni.

"Ni mimi, Mama Tusekile," alisema, na sauti yake ikaenda mpaka shule ikarudi. "Mnanijua, nilinyoosha mkono juu kuliko nyote. Nimewasha mkaa ndani, mzazi wangu na mjukuu nusura wanifie na kengele ipo kimya. Vichwa vinavyowauma ni mkaa. Toeni majiko nje sasa hivi, fungueni madirisha. Aibu ni yangu, ninyi tokeni tu."

Akaizima spika mwenyewe.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mlango mmoja wa Mstari wa Juu ukafunguka, mwanamke akatoka na jiko kwa koleo, akaliweka kizingitini, akarudi ndani bila kumtazama mtu. Mwingine. Wa tatu alitoka na jiko na sufuria juu yake. Milango ikawa inafunguka kule juu, na majiko yakapangwa mbele ya nyumba, mekundu ndani ya ukungu, mengi kiasi kwamba nilishindwa hata kutania. Jiko la nyumba ya Mwenyekiti lilibebwa na mke wake. Lilikuwa na maharage.

Salha alisema redioni kwamba mshale unapanda taratibu.

Mama hakuwa anatazama majiko. Alikuwa anatazama mahali pamoja, na alikuwa amekunja uso.

"Mahenge hajafungua," alisema.

Nilisema labda hana moto. Mama akaniambia mlango ule ameuchunga miaka mitatu kila anapoanika nguo, anajua unafunguliwa saa ngapi na kwa mguu gani, na mtu yule hawezi kukosa kutoka kuja kusikia yeye akiaibika. Alishaanza kupanda wakati anasema hayo. Nilimpita njiani, nikagonga, nikaita, nikarudi nyuma hatua kadhaa nikaupiga teke mlango mara mbili.

Mzee Mahenge alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, kidevu kifuani, hindi mkononi, limechomwa upande mmoja. Tulimvuta nje mimi na mama, yeye mabega mimi miguu, watoto wakamwita nesi, naye akamwachia dada mtoto akaja na mtungi. Ilichukua muda. Rangi ilirudi usoni kabla ya fahamu. Alipofumbua macho aliuliza nani amevunja mlango wake.

"Mimi," alisema mama, uongo mtupu.

Mzee aligeuzia kichwa upande wa mama.

"Ungekuwa umesikia harufu ya mahindi," alisema Mzee Mahenge, "ungevunja mapema zaidi."

*

Mwenyekiti Ilomo alitukuta pale, ufunguo wa koki mkononi. Sheria ilikuwa bado sheria, na nyumba iliyojitangaza kwenye spika ilikuwa moja. Mama hakubishana. Aliomba tu mzazi ahamishiwe kwa nesi kwanza, ndipo wafunge.

Salha alikuwa amepanda kutoka kituoni, makoti yake yamelowa ukungu. Alimweleza Mwenyekiti kwamba kengele zote ni vipofu kwa gesi hiyo, atazibadilisha, na kwamba koki zikifungwa kwenye nyumba zilizozibwa tutazika watu. Alieleza kwa utulivu, bila viazi. Kisha akatazama chini ya mteremko, kwenye ile safu ya majiko, akauliza kama ufunguo utaanza kutumika Juu au Bondeni.

Mwenyekiti naye alitazama. Nyumba yake ilikuwa inaonekana vizuri kabisa kutoka pale. Maharage yalikuwa yameanza kuungua, harufu ikatufikia.

"Ya umeme hayaivi vizuri," alisema, bila kuulizwa.

Aliuweka ufunguo mfukoni. Akasema mkutano utakaa upya kesho, watu waamue tena, na safari hii waamue wakiwa wanajua. Kama kawaida, kwa kunyoosha mkono.

"Mikono yote miwili," alisema mama. "Ule mmoja tuliunyoosha, wa pili ukawa unapepea mkaa."

Watu wengine walikuwa wamesogea, wamejifunika mashuka, nao wakatazama chini. Mzee Mahenge, barakoa imemfunika pua na mdomo, ndiye pekee aliyedhani kura imeshaanza. Aliinua mikono yake miwili juu, mkono wa kulia ukiwa bado na hindi.